BIASHARA YA KUONYESHA PICHA ZA 3D: ANZA NA SHUKA JEUPE KWANZA

Kibanda umiza mnakijua: chumba, mabenchi, kiingilio. Leo tumuangalie ndugu yake, maonyesho ya picha za mnato za 3D kwa watu wachache.

Biashara hii si ngeni duniani. Miaka ya 1880 kule Ujerumani, August Fuhrmann alikuwa na Kaiserpanorama, kifaa kikubwa cha mviringo. Watu 25 walikizunguka, kila mmoja akichungulia kwenye matundu yake mawili. Kengele ikilia, picha nyingine inakuja. Alikuwa na matawi miji mingi, na picha zilizunguka kutoka tawi hadi tawi, ndiyo maana mteja alikuwa na sababu ya kurudi. Viti 25 tu!

Sasa wewe ufanyeje?

1. KUPIGA. Simu moja inatosha. Piga picha, sogea kulia sentimita 6 hivi, piga tena bila kuinua wala kushusha simu. Kitu cha karibu kabisa kiwe mita 2 au zaidi kutoka ulipo. Piga vitu visivyotembea: majengo, milima, boti zilizopandishwa ufukweni.

2. ANZA KWA BEI RAHISI. Kuna programu zinazounganisha picha mbili kuwa moja ya rangi nyekundu na samawati. Hapo unahitaji projekta moja ya kukodi, shuka jeupe na miwani ya karatasi, upande mwekundu jicho la kushoto. Rangi hazitakuwa nzuri sana, lakini utajua kama mtaa wako una wateja.

3. WATEJA WAKIWEPO, PANDA. Rangi kamili zinataka projekta mbili, kila moja na kichujio cha polaraizi, kimoja kikielekea kushoto na kingine kulia, na miwani inayolingana navyo. Hapa ndipo mitaji inapolala! Shuka jeupe halifai tena, linatawanya mwanga na picha mbili zinachanganyika. Lazima skrini ya rangi ya fedha. Kama hela ya skrini huna, usinunue projekta ya pili.

4. LINDA MACHO YA WATEJA. Mteja akiumwa kichwa harudi, na atawaambia wenzake. Picha mbili zisipishane juu na chini hata kidogo. Kisha chukua rula: vitu vya mbali vikipishana zaidi ya sentimita 6 pale kwenye skrini, macho yanavutwa nje. Zisogeze. Ukiona vya mbali vinakuja karibu, umebadilisha kushoto na kulia.

5. VITI. Skrini ya fedha inang'aa katikati, pembeni inafifia. Panga watu wachache katikati, usibanane nao hadi ukutani.

6. MIWANI. Ya plastiki ioshwe kwa sabuni kila baada ya onyesho. Ya karatasi mteja aondoke nayo. Hutaki kusambaza macho mekundu.

PIGA HESABU. Mfano: projekta ya kukodi, miwani na umeme ni 40,000 kwa usiku. Kiingilio 1,000, viti 20. Maonyesho mawili yakijaa yanarudisha gharama, la tatu ndiyo faida yako. Kama hata moja halijai, umepoteza usiku mmoja tu, mtaji bado uko mfukoni.

Una rafiki mwenye projekta imelala ndani? Mtumie hii.