Je, Wajua? Nyigu wa Kenya Aliyeishi Chini ya Jina la Nduguye

Pasua bua la mahindi lenye vitundu vilivyojaa unga wa kinyesi, nawe utamkuta funza wa mabua akila moyo wa mmea. Humo ndani dawa ya kupuliza humfikia kwa shida, ndege hamwoni, na mara nyingi mkulima humgundua jani la katikati likiwa limeshakauka. Lakini yuko adui anayemfuata mpaka humo: nyigu mweusi asiyezidi milimita 3, wa jenasi Cotesia.

Jike la nyigu huyu huongozwa na harufu ya mmea ulioliwa na ya kinyesi cha funza. Huingia tunduni, akamdunga funza kufumba na kufumbua, na kumwachia mwilini makumi ya mayai. Ni kazi ya hatari, kwani funza hugeuka na kuuma, na nyigu wengine hufia humo humo. Anayefaulu huwa ameingiza pia silaha mbili: sumu na virusi. Virusi hivyo nyigu hakuambukizwa na yeyote. Vimo ndani ya jeni zake mwenyewe, urithi wa takriban miaka milioni 100, na hutengenezwa katika ovari zake. Kazi yake ni kuilemaza kinga ya funza, ambayo vinginevyo ingeyazingira mayai kwa seli na kuyaua. Funza huendelea kula huku naye akiliwa. Baada ya wiki mbili hivi, mabuu ya nyigu hutoboa ngozi yake, hutoka kwa pamoja na kujisokotea vifuko vyeupe vya hariri. Funza huyo hafikii kuwa nondo.

Kwa miaka mingi, nyigu wa namna hii wa Afrika kusini mwa Sahara walijumuishwa chini ya jina Cotesia sesamiae, lililotolewa mwaka 1906. Baadaye watafiti wakaona mambo ambayo jina moja halikuyaeleza. Nyigu waliotoka Kitale, nchini Kenya, waliweza kuzaliana ndani ya Busseola fusca, funza anayesumbua mahindi ya nyanda za juu. Nyigu waliotoka Mombasa, wenye umbo lile lile, walimdunga funza huyo huyo lakini mayai yao yakazingirwa na kufa. Tofauti hiyo ilihusishwa na jeni moja ya virusi vyao, iitwayo CrV1. Kumbe kutazama umbo peke yake hakutoshi kujua nyigu gani ataokoa shamba gani.

Kundi jingine lilishangaza zaidi. Hilo halikuonekana likihangaika na funza wa kila aina. Lilimfuata funza mmoja tu, Sesamia nonagrioides, na hasa ndani ya Typha domingensis, mmea mrefu wa kinamasini wenye kichwa cha kahawia kama mshikaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya ushahidi wa jeni, wa mazingira na wa tabia, ukaonyesha kwamba nyigu hawa hawachanganyi uzazi na ndugu zao. Mwaka 2017 timu ya watafiti wa Ufaransa, Kenya na Kanada ikamwandika nyigu huyo rasmi kama spishi mpya katika jarida la ZooKeys. Jina lake, Cotesia typhae, limetokana na mmea huo, na aliyelitoa ni José Fernández-Triana, bingwa wa nyigu hawa katika hifadhi ya taifa ya wadudu ya Kanada, jijini Ottawa.

Kumwandika kiumbe kipya kuna masharti. Mtafiti huchagua mdudu mmoja awe kielelezo kikuu, ambacho huhifadhiwa mahali watakapoweza kukirudia watafiti wa vizazi vijavyo. Kisha hupima na kueleza kila sehemu: vipapasio, mishipa ya mbawa, michoro ya mgongoni iliyo midogo mno kuonekana bila hadubini. Humlinganisha na ndugu zake wote wanaojulikana, mara nyingi husoma sehemu ya DNA yake, na hutaja mahali alipokamatwa. Kwa Cotesia typhae umbo, DNA, funza mwenyeji, eneo na tabia vyote viliingizwa katika maelezo, kwa sababu hakuna kimoja ambacho kingetosha peke yake.

Faida yake haikai kwenye makaratasi. Nchini Kenya, Sesamia nonagrioides huishi zaidi katika mimea ya mwituni. Katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, funza huyo huyo ni msumbufu mkubwa wa mahindi. Watafiti waliwajaribu Cotesia typhae waliotoka Makindu na Kobodo, nchini Kenya, kwa funza wa Ufaransa, wakakuta wa Makindu wanawaweza vizuri zaidi. Kama nyigu huyu angebaki na jina la zamani, mtu angeweza kuagiza Cotesia sesamiae wa kwingineko kabisa, akawaachilia mashambani na kupata hasara tupu.

Afrika Mashariki inajua thamani ya nyigu sahihi. Mwaka 1993 icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, kiliachilia katika pwani ya Kenya nyigu Cotesia flavipes waliotolewa Pakistan, ili wamkabili Chilo partellus, funza aliyeingia Afrika kutoka Asia. Walizaliana, wakaenea, na wakaendelea na kazi bila mkulima kulipa senti.

Familia ya Braconidae, ambamo Cotesia wamo, ina zaidi ya spishi 20,000 zilizokwisha kuandikwa, na wataalamu wanakubaliana kwamba zisizoandikwa bado ni nyingi mno. Huenda baadhi yake zimo katika vinamasi vyetu, ambavyo hukaushwa na kulimwa kila mwaka kana kwamba ni ardhi isiyo na kazi. Nyigu wa Makindu alitegemea mimea ya kinamasi wakati hakuna aliyejua kwamba yupo. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania au Mkenya anayesomea kuwatambua wadudu anasomea kilimo, na anastahili hadubini, mshahara na makumbusho yaliyotunzwa vizuri kama vile mtaalamu wa mbegu na mbolea.