Wazazi wakigombania mtoto, wakili atafutwe mapema

Matatu ya 46 inayotoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Kawangware hupita karibu na afisi tatu ambazo kila mzazi mwenye mzozo wa mtoto angefaa kuzijua. Upande wa Kilimani, kwenye Barabara ya Ole Odume, ndiko kiliko Kituo cha Sheria. Mbele kidogo, Barabara ya Gitanga, Chama cha Mawakili nchini (LSK) kinatazamana na Valley Arcade. Na kwenye Barabara ya Amboseli, inayochepuka kutoka Gitanga, kuna Shirikisho la Mawakili Wanawake, FIDA Kenya.

Tatizo ni kwamba wazazi wengi hugonga milango hii mambo yakiwa yameharibika. Mmoja ameshampeleka mtoto kwa nyanya yake mashambani bila kumwambia mwenzake, au amembadilishia shule kimyakimya. Miezi inapita. Kesi inapofika mbele ya hakimu, mtoto amezoea maisha mapya, na mahakama husita kumng'oa tena.

Sheria yenyewe imebadilika sana. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, jukumu la mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa liliangukia mama kwanza. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, ikasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Mwaka 2013, katika kesi iliyorekodiwa kwa herufi ZAK ili kuficha majina ya wahusika, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu vya zamani vilikinzana na Katiba. Bunge likafuata kwa Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai 26 mwaka huo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu nayo, katika kesi ya MAK na RMAA, ilitoa mwongozo kuhusu mizozo ya malezi, maslahi ya mtoto yakiwa ndiyo kipimo kikuu.

Mama bado ana nafasi nzuri ya kukaa na mtoto mchanga, kwani mahakama zimeshikilia msimamo huo kwa miongo mingi. Lakini hapewi moja kwa moja. Hakimu huangalia mwenendo wa kila mzazi, madhara ambayo huenda mtoto amepata na, akiwa na umri wa kujieleza, anachotaka mwenyewe.

Hapo ndipo msaada wa kisheria unapoonyesha thamani yake. Mzazi mwenye hasira husema, "Nataka mtoto wangu." Wakili mzuri humsaidia kuligawa dai hilo: mtoto alale kwa nani, nani aamue kuhusu shule na matibabu, nani alipe karo, na mzazi mwingine amwone siku gani. Kisha humwambia akusanye cheti cha kuzaliwa, risiti za shule, kadi ya kliniki na jumbe za M-Pesa zinazoonyesha nani amekuwa akigharamia nini. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kufunzwa kujiwakilisha, kazi ambayo FIDA imefanya kwa miaka mingi. Na kwa kuwa mahakama za Nairobi zilianza kupokea kesi kwa mtandao Julai 2020, mzazi asiyejua kompyuta anahitaji mwongozo hata kabla ya kusimama mbele ya hakimu.

Si lazima kila mzozo ufike Mahakama ya Watoto ya Milimani. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kama vile Westlands au Dagoretti, anaweza kuwaita wazazi wote wawili na kuwasaidia kuandika mkataba wa majukumu yao. Milimani nako, upatanishi chini ya usimamizi wa mahakama ulianza kwa majaribio Aprili 2016 katika kitengo cha familia. Wazazi wanaoafikiana mezani huokoa pesa, na mtoto huepushwa vuta nikuvute ya miaka.

Akina baba wamebaki nyuma. FIDA, iliyoanzishwa 1985, ipo kwa ajili ya wanawake na watoto, na uhitaji wao ni mkubwa. Baba asiye na uwezo hutegemea Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016 inayotaja waziwazi kesi za watoto.

Serikali ifadhili huduma hiyo ipasavyo, na iweke wanasheria wake katika afisi za watoto zenyewe. Mzazi anayekwenda Jumatatu kulalamika kwamba amenyimwa mtoto apate ushauri Jumatatu hiyo hiyo, awe mama au baba, kabla yeyote kati yao hajamtorosha.