Safari ya Kwenda Amani: Tope Linatoka Wapi?

Kutoka Muheza mjini mpaka Amani, mkoani Tanga, ni kama kilomita 35 tu. Si mwendo mrefu. Lakini wakati wa masika safari hiyo inaweza kukumalizia siku nzima. Ukipita Kisiwani na kufika Zigi, njia inaanza kupanda milima ya Usambara Mashariki. Kona ni nyingi. Upande huu mlima, upande ule bonde. Miti mirefu inaziba jua. Hapo ndipo tope linapomsubiri dereva.

Msitu wa kale

Upepo wa Bahari ya Hindi huleta mawingu milimani. Mawingu yakipanda juu hupoa, mvua ikanyesha. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Zamani sana sehemu nyingi za Afrika zilikauka na misitu yake ikafa. Milima hii iliendelea kupata mvua ya bahari. Kwa hiyo msitu wake umeishi kwa mamilioni ya miaka. Una mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani.

Kwa nini barabara inaharibika?

Wengi husema, "Mvua ndiyo inayoharibu barabara." Hiyo ni nusu ya ukweli. Siku hiyo hiyo ya mvua, tazama chini ya miti. Hutaona tope kama la barabarani. Kwa nini? Majani ya juu hupunguza nguvu ya matone. Majani makavu hufunika ardhi. Mizizi hushika udongo. Maji huzama polepole, halafu hutokea kwenye chemchemi na kuingia mto Zigi. Maji ya mto huo ndiyo wanayokunywa watu wa Tanga mjini.

Barabarani mambo ni mengine. Hakuna majani wala mizizi. Magurudumu yameshindilia udongo, basi maji hayazami. Mtaro ukiziba, maji hupita katikati ya njia. Magari yanachimba mashimo, maji yanatuama, na udongo mwekundu unateleza kama sabuni.

Gari likinasa

1. Abiria wote washuke. Gari likiwa jepesi hutoka upesi.
2. Dereva asikanyage mafuta kwa nguvu. Gurudumu likizunguka bure linazidi kuzama.
3. Chimbeni tope mbele ya magurudumu, mtie mawe au matawi makavu yaliyoanguka.
4. Mtu asisimame upande wa bondeni. Gari linaweza kuteleza.

Msikate miti michanga kuitandika chini ya magurudumu. Tangu mwaka 1997 msitu wa Amani ni hifadhi, na kukata miti humo ni kosa. Tena mkiondoa miti ya kando, mmeondoa mizizi inayozuia mlima usiporomokee barabara hiyo hiyo.

Kazi yetu

Barabara mbovu huchelewesha mgonjwa hospitali. Iliki na ndizi hushuka bei kwa sababu mnunuzi hafiki. Basi tuzibue mitaro kabla ya mwezi wa Machi, maji yapate njia yake. Na msitu tuuache ufanye kazi yake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini chini ya miti hakuna tope jingi?
2. Mitaro ya kijiji chenu ilizibuliwa lini?