Kumpima Mtu Mzima Mwenye Ulemavu wa Akili: Anaelewa Nini Hasa? (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tulizungumzia watoto. Kwa mtu mzima mambo hubadilika. Kumwonyesha mwanamume wa miaka 40 picha za midoli, kisha ukaandika kwamba ana "akili ya mtoto wa miaka 3", ni kumvunjia heshima, tena hakumsaidii mlezi kwa lolote.

Kabla ya yote, akaguliwe masikio. Upungufu wa kusikia ni jambo la kawaida kwa wenye ulemavu wa akili, hasa wenye sindromu ya Down, na wakati mwingine ni nta tu iliyoziba.

Kisha kuelewa, maana hapa ndipo walezi wengi hujidanganya bila kujua. Mama anasema, "Niletee sahani, mwanangu," huku mkono umenyooka kuelekea kabatini na wali unanukia. Mwana anaileta. Amefuata maneno, au amefuata mkono na harufu? Mpimaji makini huweka mikono mgongoni, halafu huomba jambo lisilotarajiwa: "Weka kijiko kwenye kiti." Kijiko kikienda kwenye sahani kama siku zote, pengine lililoshikwa ni neno moja, mengine yamejazwa na mazoea. Anayeelewa hivyo akipewa maagizo marefu asiyatimize, huitwa mkaidi. Ukaidi gani huo?

Nalo neno "ndiyo" lisiaminiwe haraka. Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba wengi wenye ulemavu wa akili huitikia "ndiyo" hata kwa maswali mawili yanayopingana. Ukimuuliza mtu kama anapenda anapoishi, muulize baadaye kinyume chake; au mpe picha achague. Daktari na polisi nao wangefaa kulijua hili.

Na asiyesema kabisa? Australia wanayo orodha ya kupimia mawasiliano iitwayo Triple C, iliyoandaliwa na Karen Bloomberg na Denise West. Hujazwa kwa msaada wa wanaoishi naye: je, hugeuza uso asipotaka kitu? Humvuta mtu mkono? Hutumia picha au alama za mikono? Majibu ya dada na ya mhudumu wa kituo yakitofautiana, usikimbilie kuamua nani mwongo. Huenda kwa dada anaeleweka, na kituoni hakuna anayemsubiri amalize.

(Itaendelea)