Kiingilio ni Rahisi, Chombo Ndicho Ghali

Ukiwauliza watu wa Rwamishenye, hapa Bukoba, kuhusu kulala hemani hifadhini kando ya ziwa, wengi watakwambia hayo ni mambo ya Wazungu, tena ni ghali. Hilo la Wazungu ni mazoea tu. La ughali lina hesabu yake, ila watu huianza hesabu hiyo vibaya kwa kuuliza kiingilio kwanza.

Kiingilio ndicho kidogo kuliko vyote. Kwa miaka kadhaa TANAPA imekuwa ikimtoza raia mtu mzima wa Afrika Mashariki shilingi 5,000 kwenye hifadhi kama Rubondo na Burigi-Chato. Ongeza VAT ya asilimia 18, inafika 5,900. Kupiga hema kwenye kambi ya umma kumekuwa kwenye kiwango hichohicho, na mtoto wa chini ya miaka mitano halipiwi. Siku moja na usiku wake, basi, ni kama 11,800 kwa kichwa, fedha ambayo jioni moja ya samaki wa kuchoma na soda ufukweni Bukoba inaimaliza bila mtu kulalamika. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo viulizie kabla ya safari, na ujue kwamba malipo hufanywa kwa namba maalumu au kadi. Noti za mfukoni hazikufikishi mbali getini. Jambo jingine: kiingilio huhesabiwa kwa saa 24. Anayeingia saa nane mchana na kutoka kesho yake saa saba amelipa siku moja, lakini anayeingia asubuhi na mapema na kuondoka kesho yake mchana amejipa siku ya pili ya kulipia.

Fedha inakwenda kwenye usafiri, na hapo ndipo Burigi-Chato na Rubondo zinapoachana kabisa.

Burigi-Chato iko karibu nasi. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, baada ya mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kuunganishwa, na ina zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Wanaokumbuka enzi za mabasi kusindikizwa na askari kupita misitu ya Biharamulo kwa hofu ya majambazi watashangaa kusikia kwamba leo watu wanalipa ili walale huko. Kuna viboko, twiga, pundamilia, na Ziwa Burigi lenyewe, ambalo kwangu mimi linatosha hata kama mnyama hakuonekana. Tatizo ni kwamba bila gari hufiki popote. Hiace ya Muleba au Biharamulo itakushusha barabarani, na kutoka hapo hakuna bodaboda ya kukuzungusha katikati ya nyati. Lazima mkodi gari lililoinuka, na gari hilo mnakaa nalo. Mwenye gari anahesabu siku, dereva anataka posho na pa kulala, gari lenyewe linalipiwa getini. Kila usiku mnaouongeza unakuja na bili yake nzima.

Rubondo ni kinyume chake. Ni kisiwa, hifadhi ya taifa tangu 1977, na wengi huingilia Kasenda, upande wa Chato. Kutoka Bukoba unapanda basi la kawaida linalopita Biharamulo, unaunganisha hadi Chato na Muganza, halafu unavuka kwa boti hadi Kageye. Kuvuka ndiko kunakouma. Lakini ukishavuka umevuka: ukilala usiku mmoja au nne, boti ni ileile ya kwenda na kurudi, na kisiwani unatembea kwa miguu na askari wa hifadhi.

Tuchukue mfano wa kubuni, usiutumie kama bei. Tuseme boti kwenda na kurudi ni 150,000. Mkiwa wawili kwa usiku mmoja, kila mmoja anabeba 75,000 za boti na 11,800 za hifadhi, jumla 86,800. Mkiwa sita kwa usiku tatu, boti inashuka hadi 25,000 kwa mtu, hifadhi inakuwa 35,400, jumla 60,400. Yaani mtu analala mara tatu na bado analipa pungufu ya yule aliyelala mara moja. Nauli ya basi na chakula viko nje ya hesabu hii, na matembezi na askari yana ada yake, lakini sura haibadiliki. Burigi ni ya watu wanaojaza gari na kurudi upesi; Rubondo ni ya kukaa. Wanandoa wanaokwenda Rubondo Jumamosi na kurudi Jumapili wanalipia boti, si kisiwa.

Na kisiwa chenyewe kinataka muda. Sokwe wake walitokana na wale walioletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, kwa juhudi za mhifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek, na hawaji kambini kujionyesha kwa kuwa umelipa. Nzohe, swala wa kinamasi, hutokea kwenye mafunjo kwa wanaojua kunyamaza. Furukombe utawaona hata usipotaka. Kuogelea sahau, mamba wapo.

Kwa asiye na siku tatu kuna Musira, kile kisiwa unachokiona mbele yako ukisimama ufukweni Bukoba, ambako inasimuliwa kwamba zamani wahalifu walipelekwa kutelekezwa. Hakuna geti wala TANAPA. Utapatana na mwenye mtumbwi, na ukitaka kulala utabisha hodi kwa uongozi wa pale, kwa sababu hicho ni kijiji cha wavuvi na watu wana nyumba zao. Ni rahisi kuliko zote, na kwa kujaribu hema jipya sioni pazuri zaidi. Kisiwani kuna mapango; humo nenda na mwenyeji. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kichocho ni cha kweli.

Kwa chombo chochote uliza mambo mawili kabla ya bei: maboya yapo ya kila mtu, pamoja na watoto? Na bei ni ya kwenda tu au na kurudi? La kwanza halihitaji maelezo kwa mtu wa Kagera anayeikumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. La pili limewakwamisha wengi upande wa pili, wakipatana upya na mtu anayejua hawana njia nyingine.

Hema lisinunuliwe mapema. Kodi au azima, kwa sababu lile jepesi la bei poa halijashonwa kwa mvua ya upande wetu. Magharibi mwa Victoria radi na mvua hupenda alfajiri, zinapoingia kutoka ziwani wakati wewe umelala fofofo. Juni hadi Agosti unaweza kuthubutu. Desemba, ambapo ndugu wote wamerudi kutoka Dar na kila mtu anataka kutolewa matembezi, ardhi imelowa na mvua haina huruma. Hapo chukua banda au chumba, hata kama ni ghali kuliko hema, maana godoro lililolowa nalo ni gharama. Turubai la ziada na mtungi mdogo wa gesi vina faida kuliko hema la pili, kwani kuni za hifadhini hazikatwi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

Na kama kwenye msafara yumo shemeji aliyechukua pasipoti ya Uingereza, mwambieni mapema. Getini Kihaya chake hakitamsaidia: atalipa viwango vya wageni, kiingilio na hema, na yeye peke yake anaweza kuzidi ninyi watano mkijumlishwa. Wenye vitambulisho vya NIDA wavibebe.