Nafasi ya Fyuzi Kuu katika Ufungaji wa Paneli ya Umeme wa Volti 12 kwenye Boti
Umeme wa volti 12 unaotumika katika boti ndogo hudhaniwa kuwa hauna hatari kwa sababu kwa kawaida haumrushi mtu anayeugusa. Hata hivyo, hatari yake imo katika wingi wa mkondo. Taa ya wati 60 huvuta ampea 5 katika volti 12, ilhali katika volti 230 huvuta takribani ampea 0.26. Aidha, betri ikipigwa shoti huweza kutoa mamia ya ampea, kiasi cha kuunguza gamba la waya na kuwasha moto mahali ambapo abiria hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo, fyuzi zilizomo ndani ya paneli hazitoshi, kwani haziulindi waya unaotoka kwenye betri hadi kwenye paneli. Kwa kanuni ya jumla, kiwango cha E-11 cha ABYC, baraza la boti la Marekani, hutaka fyuzi kuu iwe ndani ya inchi 7, yaani takribani milimita 178, kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo huchaguliwa kwa kuzingatia uwezo wa waya. Paneli yenyewe hufungwa mahali pakavu, juu ya ngama, na betri huunganishwa mwisho.