Githeri Nayo Ihesabiwe

Imekita mizizi miongoni mwa wanafunzi wetu wa shule za bweni dhana kwamba misuli hujengwa kwa nyama, mayai na maziwa pekee. Maharagwe, wadai, hayahesabiki. Ndipo mchezaji raga huiacha githeri sahanini, akamsumbua mzazi amnunulie unga wa protini wa bei ghali.

Dhana hii haina mashiko. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina takriban gramu 9 za protini. Lisini iliyo haba katika mahindi imo tele katika maharagwe. Methionini iliyo haba katika maharagwe hupatikana katika mahindi. Kimoja hukamilisha kingine.

Ajengaye misuli huhitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake. Kijana wa kilo 60, basi, gramu 96. Kwa kuwa protini ya mimea humeng'enywa kwa kiwango kidogo kuliko ya nyama, na aongeze kipimo, asiifute hesabuni.

Nanyi walimu, ichungulieni sufuria. Githeri iliyosheheni mahindi, maharagwe yakiwa ya kutafutwa kwa kijiko, haimjengi yeyote. Hapo kosa si la maharagwe, ni la mpimaji.